Kucha nene ya manjano: kabla hamjaing'oa

Dada, umesema kucha ya kidole gumba cha mguu wa mama imekuwa nene na ya manjano, krimu imeshindwa, na sasa jirani anashauri ing'olewe. Ngojeni kwanza, tafadhali. Mimi nilikuwa na hiyo shampinyo, yaani kuvu ya kucha, miguu yote miwili, miaka ile nilipokuwa nabeba simenti hapa Bukavu na bote mguuni kutwa. Najua inavyochosha.

Krimu inashindwa kwa sababu kuvu inakaa chini ya kucha na ndani yake, dawa ya kupaka haifiki. Lakini kabla ya kumeza chochote, mpelekeni labo, yaani maabara. Watakwangua ule unga wa chini ya kucha na kuutazama kwa hadubini. Kucha hunenepa pia kwa kubanwa na kiatu, au kwa ugonjwa wa ngozi uitwao soriasisi, na hapo dawa ya kuvu haisaidii kitu. Inaniuma kuona watu wanaruka labo kwa kuwa farmasi iko jirani.

Mimi dokta alinipa terbinafini, vidonge vya kuua kuvu. Kawaida mtu mzima anameza miligramu 250 mara moja kwa siku, wiki 12 kwa kucha za miguu, wiki 6 kwa za mikono. Alinipima ini kwanza, akauliza dawa nyingine ninazotumia. Mkojo ukiwa mweusi au macho yakiwa ya manjano, acheni na mrudi kwake siku hiyohiyo.

Wengi wanakata tamaa hapa: vidonge vimeisha, kucha bado mbaya. Dada, sehemu iliyoharibika haiponi. Inasukumwa nje na kucha mpya inayoota toka shinani, kama milimita moja na nusu kwa mwezi, kwa hiyo gumba linadai mwaka mzima, hata mwaka na nusu. Mimi nilikuwa natazama kule shinani tu. Ukanda safi ukizidi kupanuka, dawa imefanya kazi. Manjano yakirudi kushuka kuelekea shinani, rudini kwa dokta.

Viatu vikauke vizuri kabla ya kuvaliwa tena. Na wale vijana wa vernis, wapaka rangi za kucha, wanaopita mtaani Kadutu, mama asiwape mguu kwa mkasi wao, anunue wake.

Kama ana sukari, dokta aambiwe hilo kabla ya yote, maana kwake hata mchubuko mdogo kando ya kucha unaweza kugeuka kidonda kibaya. Kung'oa nyumbani ndiyo kabisa msithubutu.