Angalia gari linapotua, si linaporuka

Hatua moja ya gemu ya simu ilinikwamisha siku nne nzima. Gemu zenyewe unazijua: gari upande huu, bendera upande ule, katikati shimo. Unachora mstari kwa kidole, gari linapita juu yake. Mimi nilikuwa nachora tuta refu la kurukia, gari linapaa vizuri, kisha linatua kwa pua na kupinduka.

Aliyenifumbua macho ni mpwa wangu wa miaka tisa. "Mjomba, mbona unahangaika na kuruka tu? Tazama linapotua."

Nikatazama. Pa kutulia nilikuwa nimepachora bapa kama meza, na gari linalodondoka kwa kasi likikuta bapa linapokea kishindo chote kwa mara moja. Nikachora mteremko unaofuata njia ile ile ya gari hewani, halafu ukajilaza taratibu. Likatua bila hata kudunda, likateleza hadi kwenye bendera. Tangu siku hiyo, gemu ikiniruhusu kuchora mistari kadhaa, naanzia kwenye bendera narudi nyuma.

Mkono nao una kazi yake. Ukichora polepole mno kidole kinatetemeka, mstari unapata vijikona usivyoviona, na gari linavigonga kimoja kimoja hadi kasi inaisha. Futa jasho kwenye kioo, egemeza kiganja, uvute mstari kwa mkupuo mmoja. Ndani ya daladala sijaribu hatua ngumu.

Anayetaka kuelewa mteremko kwa undani acheze Line Rider, iliyotoka 2006, kazi ya mwanafunzi wa Slovenia, Boštjan Čadež. Humo hamna injini, kuna mtu juu ya kigari cha kutelezea barafuni. Mstari wa bluu ni njia ya kawaida, mwekundu unaongeza kasi, wa kijani ni pambo tu, anaupita kama haupo. Pale ndipo nilipojua kasi inatoka kwenye kimo.

Matangazo yakikuchosha, zima data. Nyingi ya gemu hizi zinachezeka bila intaneti, na bando linapona.

Na gari likipinduka, usikimbilie kuanza upya. Angalia gurudumu lipi limegusa kwanza. Likiwa la mbele, ongeza mteremko wa pa kutulia. Likiwa la nyuma, umezidisha, upunguze kidogo.