Maswali ya Wasomaji: Dirisha la baiti 8,000 linalodai kuwa na trilioni 140

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninaandika programu ya MPI (kiwango cha kuandika programu ambazo michakato yake hufanya kazi sambamba na kuwasiliana) kwa lugha ya C, ambamo michakato minne iliyo kwenye nodi moja, yaani kompyuta moja, inatumia kumbukumbu ya pamoja kupitia dirisha, yaani eneo la kumbukumbu lililo wazi kwa michakato mingine, nililolitenga kwa MPI_Win_allocate_shared. Kila mchakato umeomba nafasi ya namba 1,000 za aina ya double, yaani baiti 8,000. Nilipouliza sifa ya MPI_WIN_SIZE kwa MPI_Win_get_attr, nilipewa namba inayokaribia trilioni 140, nayo hubadilika kila ninapoiendesha programu upya. Kompaila haikulalamika. Je, maktaba ina hitilafu? Tena, nitajuaje sehemu ya mchakato jirani ilipo?

JIBU: Ndugu msomaji, maktaba haina kosa. Ulichochapisha si ukubwa wa dirisha, bali ni anwani ya mahali ukubwa huo ulipohifadhiwa. Namba yenyewe inajieleza: katika Linux ya biti 64 kwenye prosesa za x86, anwani za programu za kawaida huishia chini kidogo ya 140,737,488,355,328, na mfumo huzibadilisha kila programu inapoanza. Bila shaka uliandika hivi:

MPI_Aint ukubwa;
MPI_Win_get_attr(dirisha, MPI_WIN_SIZE, &ukubwa, &ipo);

Katika C, fanksheni hii hairudishi thamani ya ukubwa. Hurudisha kielekezi, yaani anwani ya mahali thamani hiyo ilipo. Kwa hiyo kigeu chako kinapaswa kutangazwa kama MPI_Aint *ukubwa, mwito ubaki kama ulivyo, kisha usome *ukubwa. Kompaila imenyamaza kwa sababu kigezo cha tatu ni cha aina ya void *, ambayo hupokea kielekezi cha aina yoyote bila kuuliza.

Tena una bahati, maana MPI_Aint (aina ya namba kamili inayotosha kubeba anwani) na kielekezi vyote huchukua baiti 8 kwenye mashine ya namna hiyo. Ukifanya kosa hilohilo kwa MPI_WIN_DISP_UNIT (kipimo cha hatua, yaani idadi ya baiti za kila hatua ndani ya dirisha), ukapitisha anwani ya int ya baiti 4, baiti 4 zinazobaki zitaandikwa juu ya kigeu kilicho jirani, na programu itaharibika mahali pengine kabisa ambapo hutadhani pana uhusiano na dirisha. MPI_WIN_CREATE_FLAVOR (namna dirisha lilivyoundwa) na MPI_WIN_MODEL (mfumo wa kumbukumbu wa dirisha), zilizoingia na MPI 3.0 mwaka 2012, nazo husomwa kwa int *. Sifa inayowapotosha wengi ni MPI_WIN_BASE: kwa kuwa mwanzo wa dirisha ni anwani tangu asili, unatangaza void *mwanzo, unapitisha &mwanzo, na unachopata ndicho ulichokitaka, bila hatua ya ziada. Aliyeanza na sifa hiyo hudhani zote ziko hivyo. Wanaoandika kwa Fortran hawana mtego huu, kwani kwao kila jibu ni namba kamili ya aina ya MPI_ADDRESS_KIND.

Kuhusu jirani, MPI_Win_get_attr haitakusaidia, kwa sababu sifa hizo ni za mchakato unaouliza peke yake. Hata ukirekebisha msimbo, kila mmoja wa wanne ataambiwa 8,000, wala si 32,000. Tumia MPI_Win_shared_query: unaitajia namba ya mchakato unaoutaka, nayo hukupa ukubwa wa sehemu yake, kipimo cha hatua, na anwani ya mwanzo. Anwani hiyo ni halali kwako wewe uliyeuliza. Usijaribu kumwomba jirani akutumie MPI_WIN_BASE yake kwa ujumbe, kwani kumbukumbu ileile inaweza kuonekana kwa anwani tofauti katika kila mchakato, na kielekezi cha mwenzako kinaweza kukuelekeza pasipo na kitu.

Fahamu pia kwamba, usipoweka chaguo la alloc_shared_noncontig (linaloruhusu sehemu zisifuatane) kuwa true wakati wa kutenga, sehemu za michakato hupangwa zikifuatana bila pengo, kwa utaratibu wa namba zao. Kwa mpangilio huo, mchakato wa 2 ukiandika kwenye kipengele [1000] cha sehemu yake, utakuwa umefuta kipengele [0] cha mchakato wa 3, na hakuna kosa litakaloripotiwa.