Mhafidhina, mwoga au mpinga mabadiliko?

SWALI: Mjomba wangu ni fundi wa vyombo vya baharini hapa Bagamoyo. Hataki kabisa kusikia habari za boti za faiba, na hata neno "faiba" hatutakiwi kulitamka mbele yake. Vijana wa ufukweni humwita mhafidhina. Mimi naona ni mwoga wa mambo mapya. Lipi sahihi?

JIBU: Ndugu yangu, kwanza usimwite mjomba mwoga. Woga ni tabia, na kumtupia mkubwa wako neno hilo ni kumvunjia heshima. Ikiwa una hakika kinachomzuia ni wasiwasi, sema ana hofu na mambo mapya. Hofu humwingia mtu na humtoka.

"Mhafidhina" limetoka kwenye mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa "hifadhi". Ni mtu anayetunza cha zamani kwa kuwa anakithamini. Kama mjomba anazikataa boti hizo kwa sababu anaijua mbao, anajua kuichonga na kuitia kalafati, yaani kuziba mianya yake maji yasipenye, na hataki ufundi huo upotee, vijana wamepatia. Lakini kama kila kipya humkasirisha kabla hajakijua, huo si uhafidhina tena. Ni chuki, na Kiswahili hakina neno moja lililozoeleka la chuki hiyo; sema waziwazi kwamba anachukia mabadiliko. "Mpinga mabadiliko" nalo hutaja kitendo tu, halisemi kama anapinga kwa hofu, kwa chuki au kwa hoja. Ninalolikataa mimi ni "mpinga maendeleo", linalotupwa ovyo siku hizi. Linamhukumu mtu kabla hajasikilizwa, kana kwamba kila kipya ni maendeleo.

Wahenga walisema "Kipya kinyemi ingawa kidonda", wakikiri kwamba kipya huvutia hata kikiwa na madhara. Wakasema pia "Usiache mbachao kwa msala upitao", kumwonya mtu asitupe mkeka wake kwa ajili ya msala wa mpita njia. Hakuna hata moja inayofundisha kuchukia kipya kwa sababu tu ni kipya.

Kuhusu neno "faiba", hapo simwungi mkono. "Hela" anayolipwa imetokana na Heller, sarafu ya Wajerumani iliyoanza kutumika huku mwaka 1904, na "shule" ni Schule yao. Yote mawili yalikuwa mageni kwa masikio ya babu zake. "Faiba" limeshakaa kwenye silabi zetu na wavuvi wanalielewa. Boti anaweza kuikataa. Neno liacheni litumike.