Ukitaka Kuzielewa Filamu za Ashiki za Ufilipino, Anza na Tarehe

Nakala ya kwanza ya filamu ya zamani ya Kifilipino niliyoipata ilinipoteza kwa miezi kadhaa. Mwanamke alikuwa amesimama mlangoni, mkono ukiwa kwenye komeo, na papo hapo kukawa mchana naye yuko sokoni; nami nikaandika daftarini kwamba mwongozaji alipenda kuruka mambo ili mtazamaji ayajazie mwenyewe. Nilipoiona nakala kamili nikagundua kuwa nilikuwa nimeusifu mkasi wa wakaguzi. Kwa hiyo nakusihi, ulinganishe kwanza urefu wa nakala uliyo nayo na ule wa filamu ilipotoka, ndipo uhukumu.

La pili, na kwangu ndilo zito zaidi, ni kushika tarehe. Filamu za uchi na ngono zilizoitwa bomba, ambazo miongoni mwao "Uhaw" ya 1970 hutajwa sana, zilistawi katika miaka michache kabla ya Rais Ferdinand Marcos kutangaza sheria ya kijeshi Septemba 1972. Uchi ulipobanwa, mwaka 1974 mwongozaji Celso Ad. Castillo alimwonyesha katika filamu Gloria Diaz, Miss Universe wa 1969, akiwa na vazi jepesi lililolowa maji likagandamana na mwili, na mtindo huo ukaigwa na wengi. Asiyeijua sheria ya wakati ule ataona urembo wa kamera peke yake, ilhali lile vazi limevaliwa pia kwa ajili ya mkaguzi.

Miaka ya 1980 inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa utawala uleule uliobana ndio ulioruhusu filamu zisizokatwa kuonyeshwa katika Kituo cha Filamu cha Manila, jengo la serikali yenyewe. Kutoka kipindi hicho nakushauri uitazame kwa utulivu "Scorpio Nights" ya Peque Gallaga, ya 1985. Mwanafunzi anayeishi ghorofani anachungulia kwenye tundu la sakafu ya mbao, akimtazama mke wa mlinzi anayeishi chini yake. Usiharakishe kufika kitandani; zitazame zile mbao, uone watu maskini waliorundikana hata faragha ikawakosa, kwani bila nyumba ile kisa chote kisingewezekana. Mimi niliirudia mara tatu kabla ya kuliona hilo.

Wala usidhani kwamba kuanguka kwa Marcos mwaka 1986 kulimaliza mvutano. Mwaka 2001 Rais Gloria Macapagal Arroyo, kufuatia malalamiko ya viongozi wa Kanisa Katoliki, aliisimamisha "Live Show" ya Jose Javier Reyes, inayohusu watu wanaojipatia riziki kwa kufanya ngono mbele ya watazamaji, na mwenyekiti wa bodi ya ukaguzi, Nicanor Tiongson, akajiuzulu. Ukiandika juu ya filamu hiyo, andika pia riziki ile, kwa sababu katika mabishano yote ya wakubwa hao ndiyo iliyozungumzwa kidogo kuliko yote.