Mpira wake unauzwa wapi?

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Unauliza kama wiki tatu za Julai zinatosha kwako kuwa na manufaa yoyote katika kazi ya kisima kijijini huko Malawi, wewe usiyejua hata kushika chepe, au mtakuwa mzigo kwa wenyeji wenu. Nitalifikia hilo. Kwanza kuna jambo uliloliandika kwa kupita tu: kwamba wafadhili wa kikundi chenu hapo Ujerumani wamepata pampu nzuri ya mkono, ya chuma kisichoshika kutu, na itapakiwa kwenye kontena pamoja na vitabu vya shule. Hapo ndipo nilipoiweka barua mezani.

Mpira wake unauzwa wapi?

Najua umekinai kunisikia nikisema kisima si shimo, kisima ni spea. Lakini fanya hesabu. Pampu ya mkono hukadiriwa watu 250. Kila mmoja akichota lita 20 kwa siku, hizo ni lita 5,000. Pigo moja la mpini hutoa chini ya nusu lita, kwa hiyo mpini unapanda na kushuka zaidi ya mara elfu kumi kila siku, na kila mara mpira wa pistoni, ile sehemu inayosukuma maji juu, unasugua ukuta wa silinda, bomba fupi lililo chini majini. Utakwisha tu. Umetengenezwa uishe ili silinda isiishe. Mwaka 2009 mtandao wa wataalamu wa maji vijijini, RWSN, ulikusanya takwimu za nchi za Afrika kusini mwa Sahara ukakuta takriban pampu moja kati ya tatu haifanyi kazi. Nyingi ya hizo maji yako palepale chini.

Huko mwendako pampu iliyozoeleka ni Afridev. Mzizi wake uko hukohuko Malawi, ilikoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa jina la Maldev, kisha ikaboreshwa Kenya, upande wa Kwale. Iliundwa makusudi ili wanakijiji waifungue wenyewe kwa spana moja. Kuwapelekea Wamalawi pampu ya mkono kutoka Ulaya ni kupeleka chumvi Uvinza.

Au umesahau yaliyompata shangazi yako? Ile pampu ya kijivu upande wa zahanati, ya wale vijana wageni wenye fulana za njano. Ilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Mpini mwepesi, mtoto wa darasa la pili aliuweza. Mwaka wa nne maji yakaanza kuchelewa. Asubuhi unapiga mapigo 30 kabla ndoo haijapata tone, mchana yanakuja vizuri, ukiipumzisha yanarudi kulekule. Anayejua pampu hahitaji kuambiwa zaidi: valvu ya chini, kilango cha kuzuia maji yasirudi, haishiki, na maji yaliyokuwa ndani ya bomba yanarejea kisimani usiku kucha. Kamati ikachangisha. Shangazi, ndiye mweka hazina, akaufunga ule mpira uliochakaa kwenye leso akapanda basi.

Alizunguka maduka yote ya vifaa mjini. Kila mpira aliopewa ulipwaya au uligoma kuingia. Akaenda mji wa pili, akaenda wa tatu. Mwishowe fundi viatu akamkatia wa tairi. Ulidumu siku tisa. Daftari la kamati likawa na mstari mmoja unaojirudia: nauli, nauli, nauli. Mkutano wa kijiji ulipofunguliwa daftari hilo, wenye fulana za njano hakuna aliyewataja. Aliyeitwa mwizi ni yeye, mbele ya wakwe zake. Mpaka leo akienda sokoni anazunguka kwa nyuma asipite zahanati.

Nikijibishana na nafsi yangu nasema: lakini ile miaka minne watu walikunywa maji safi. Kuna watoto walioanza na kumaliza kunyonya bila kuonja maji ya mtoni. Nani ana ubavu wa kusema heri wale vijana wasingekuja? Mimi sina. Halafu nakumbuka kwamba kwa shimo lilelile, siku zilezile za kazi, wangefunga pampu inayouzwa nchini ingekuwa miaka minne na mingine mingi juu yake. Basi naudhika upya.

Haya. Swali lako.

Kwenye uchimbaji wenyewe hamna kazi. Mtambo unashuka mita 40 au 50 kwa siku moja au mbili kama mwamba haukukaidi, na mnachotakiwa ni kukaa mbali na fimbo zinazozunguka. Mkiambiwa ni kisima cha kuchimba kwa mikono, wewe usiingie, na usikubali mtu yeyote ashushe pampu ya petroli ndani ya kisima ili kukausha maji. Moshi wake hauna pa kutokea, na umeshaua mafundi wazoefu pamoja na waliowafuata kuwaokoa.

Unachoweza kufanya vizuri kuliko fundi aliyechoka ni kuandika. Kila mita mchimbaji hutoa sampuli ya udongo au mawe. Zipange chini kwa mfululizo, andika rangi, kina maji yalipogongwa, urefu wa bomba la kisima, vichujio (mabomba yenye matundu ya kuingizia maji) vimekaa mita ya ngapi hadi ya ngapi. Toa nakala tatu, moja ibaki kijijini na moja ofisi ya maji ya wilaya. Fundi atakayekuja miaka 10 baadaye bila karatasi hiyo anafanya kazi ya kipofu.

Kuhusu kipimo cha maji, Julai itawadanganya. Ni kiangazi, ndiyo, lakini maji chini ya ardhi yanaendelea kushuka hadi Oktoba au Novemba, mvua zinapokaribia. Kisima kinachotoa robo lita kwa sekunde leo (ndicho kiasi kinachotosha pampu ya mkono) kinaweza kuvuta hewa miezi mitatu baadaye. Waulize akina mama visima vya jirani hushuka kiasi gani mwezi wa kumi, na silinda iwekwe chini ya hapo, pamoja na mita kadhaa za akiba.

Waulize pia kuhusu chai. Usicheke. Kama kisima cha jirani kina mabomba ya chuma na chai yake inageuka nyeusi kama wino, maji yale yana madini ya chuma. Kujua yanatoka wapi, piga ndoo tatu nne mfululizo asubuhi kabla hajachota mtu. Yakianza mekundu kisha yakatakata, kutu ni ya bomba: maji yana uchachu, pH (kipimo cha uchachu) chini ya 6.5, nayo yanakula zinki iliyopakwa juu ya bomba halafu chuma. Yakiendelea kuwa mekundu, chuma kimo ardhini kwenyewe. Kwa maji ya uchachu yafaa mabomba ya plastiki, ambayo Afridev inayo tayari. Tena ni mepesi. Mabomba ya chuma ya inchi moja na robo kwa kina cha mita 30 yanakaribia kilo 100 bila rodi (vyuma virefu vinavyounganisha mpini na pistoni) wala maji ndani yake, na kijiji hakiyang'oi bila stendi ya miguu mitatu.

Sakafu ya zege ni kazi yenu hasa, maana ni ya chepe na jasho. Saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, maji kidogo kuliko mkono unavyotamani. Mtaro upeleke maji mita kadhaa mbali, kwenye bustani au birika la ng'ombe, na choo kisiwe karibu kuliko mita 30. Kisha magunia yaliyoloweshwa juu yake siku saba, asichote mtu. Hapo ndipo wageni huharibu, kwa sababu siku ya kuzindua ilishapangwa. Zege halijui tarehe ya ndege yenu. Likikauka haraka linapasuka, na maji machafu ya miguuni yanateremka ubavuni mwa bomba kurudi kwenye maji mnayoyaita safi.

Klorini ipimwe, isikadiriwe kwa kiganja. Bomba la kisima lenye upana wa ndani wa milimita 110 lina lita 9 na nusu kwa kila mita. Kama maji yaliyomo ndani yana kimo cha mita 20, hizo ni lita 190. Kwa miligramu 100 kwa lita mnahitaji gramu 19 za klorini, yaani gramu 27 za unga wenye klorini asilimia 70. Koroga kwenye ndoo, mimina, uache ulale usiku mmoja, kesho yake piga hadi harufu iishe. Hiyo inaua vijidudu vya mikono yenu tu. Haiondoi floraidi wala aseniki, madini ya ardhini yenye madhara; hizo hupimwa maabara kabla pampu haijafungwa. Bangladesh walichimba visima vingi mno kuwaepusha watoto na kuhara, na miaka ya 1990 ikajulikana kuwa vingi vina aseniki.

Na kabla hamjaondoka, wanawake wa kamati waifungue pampu wenyewe, ninyi mikono nyuma. Kofia itoke, mpini utoke, rodi zipande moja moja. Ni za mita tatu na zinaunganishwa kwa ndoano, hakuna cha kukaza. Kwa mita 30 ni rodi kumi, kila moja kilo mbili na kidogo. Pistoni inakuja mwisho wa rodi na bomba linabaki mahali pake. Mpira ule una umbo la U, na mdomo wake sharti utazame juu ili uzito wa maji uutanue. Ukiingizwa kichwa chini pampu inarudishwa yote, kila kitu kinaonekana sawa, na maji hayaji. Waache walikosee kosa hilo mara moja mbele yenu.

Watu wenye akili kuliko sisi nao walinogewa na chuma. Mwaka 2006 kule Marekani zilitangazwa dola milioni 16.4 kwa ajili ya PlayPump, bembea ya watoto inayozunguka ikivuta maji, na lengo lilikuwa pampu 4,000 kufikia 2010. Watoto walipochoka au kuwa darasani, waliobaki wakiizungusha ni wanawake watu wazima. Mpango haukufika popote karibu na lengo.

Unataka niseme uende au usiende. Sisemi. Una miaka 29, na baba yako amenikataza. Nauli zenu nyote, ukizibadilisha kuwa mipira, pini na bushi, zingeshika pampu za wilaya nzima kwa muda mrefu. Lakini najua fedha hiyo haichangwi bila picha ya kijana mwenye chepe, na najua pia kuwa kijana mwingine wa fulana ya njano hatauliza habari za chai. Basi nimenyamaza.

Niandikie kina cha maji walichopima, na jina la duka lililo karibu na kijiji hicho linalouza spea za Afridev. Mpaka hapo usimtumie shangazi yako picha ya hiyo pampu ya kontena.

Mama yako