Riba ya mogeji na KRA

Dadangu, umeuliza kama ni kweli ukinunua nyumba kwa mogeji (mkopo wa nyumba) KRA, wale wa kukusanya kodi Kenya, wanakurudishia riba yote. Zii, si yote, na hakuna pesa unatumiwa mkononi, wanapunguza tu ule mshahara unaokatwa kodi. Tangu mwisho wa Desemba 2024 riba inayohesabiwa haizidi shilingi 30,000 kwa mwezi, zamani ilikuwa 25,000, sasa sema benki inakukata riba ya 70,000, hiyo 40,000 ya juu haihesabiwi, na kwa hiyo 30,000 kama mshahara wako uko bendi ya kodi ya asilimia 30 unaokoa 9,000 kwa mwezi. Si haba, lakini usichukue nyumba juu ya hiyo. Na lazima uishi humo mwenyewe, ya kupangisha haingii hapa, tena ni nyumba moja tu hata uwe nazo tatu.

Chenye watu husahau ni cheti cha benki cha riba uliyolipa mwaka mzima, kiitishe mapema Januari, usingoje ule msongamano wa 30 Juni, siku ya mwisho ya kujaza ritani kwa iTax, mtandao wa KRA. Halafu ile nafuu ya kodi ya asilimia 15 ya Housing Levy, yale makato ya nyumba za serikali kwa mshahara, ilishaondolewa, video za zamani zisikudanganye.