Kiwanja cha mchanga karibu na mikoko: tetemeko likija, udongo unafanyaje?

SWALI: Shikamoo Mama. Nimenunua kiwanja Mikindani, si mbali na mikoko. Wapimaji wa udongo walisimamisha miguu mitatu ya chuma, wakawa wanagongelea bomba ardhini kwa nyundo huku wakihesabu, kisha wakanipa karatasi ya namba. Fundi wangu anasema zile ni hela za bure, mchanga ukishindiliwa vizuri unatosha. Je, namba hizo zinahusiana na tetemeko la ardhi? – Msomaji, Mtwara.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Zinahusiana sana. Karatasi hiyo itunze pamoja na hati ya kiwanja.

Nimefanya kazi ya maabara ya udongo muda mrefu, na kinachonitia wasiwasi kwako ni mchanga uliolegea kukutana na maji yaliyo karibu na juu. Mchanga wa Newala, ambako maji yako mbali chini, haunisumbui hivyo.

Jionee mwenyewe. Mimina mchanga wa pwani kwenye ndoo polepole, usiushindilie, kisha tia maji taratibu mpaka yakaribie uso wake. Weka nusu tofali juu. Litakaa vizuri tu. Sasa gonga ubavu wa ndoo kwa mchi, harakaharaka. Tofali linainama na kuzama, maji yanapanda juu ya mchanga. Chembe za mchanga zilikuwa zimeegemeana. Zikitikiswa zinataka kubanana, lakini maji yaliyo katikati yake hayapati njia ya kutoka upesi, basi mzigo wote unabebwa na maji. Kwa muda huo mchanga hauna nguvu. Ukiacha kugonga, tazama usawa wa mchanga: umeshuka. Ndiyo maana nyumba inaweza kuendelea kudidimia hata ardhi ikishatulia.

Niigata, Japani, kwenye tetemeko la mwaka 1964, majengo ya ghorofa yalilala ubavu huku kuta zake zikiwa nzima. Miaka 2 baadaye, watafiti Seed na Lee wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Marekani, walichapisha majaribio ya kitu hichohicho. Mchanga uliojaa maji unavishwa mpira mwembamba, unabanwa pande zote, kisha unasukumwa na kuachiwa, unasukumwa na kuachiwa, huku shinikizo la maji ya ndani likipimwa. Likilingana na lile linalobana kwa nje, sampuli inalegea mbele ya macho yako. Baadaye unafungua koki na kupima maji yanayotoka. Hapo unajua ardhi ingeshuka kiasi gani.

Usidanganyike kwamba mchanga ukishatikiswa mara moja umekaza na hautalegea tena. Christchurch, New Zealand, mchanga ulibubujika kwenye tetemeko la Septemba 2010, na kwenye lile la Februari 2011 ukabubujika tena mitaa ileile. Na wala jambo hili haliko mbali nasi: ng'ambo ya Ruvuma, tetemeko la Msumbiji la Februari 2006 lilikuwa la kipimo cha 7.0, na mchanga ulitoka ardhini pamoja na maji.

Sasa namba zako. Nyundo ile ina kilo 63.5 na huangushwa kutoka sentimita 76. Bomba linaingia sentimita 45. Mapigo ya sentimita 15 za mwanzo hayahesabiwi, ya 30 zinazofuata ndiyo yanaandikwa. Namba ndogo maana yake mchanga umelegea. Fundi wako anasema kweli kuhusu tabaka la juu, lakini kishindilio chake hakifiki mita 3 au 4 chini, na huko ndiko ninakokuogopea.

Kabla hujachimba msingi, rudi kwa wapimaji uwaulize maji waliyakuta mita ngapi, na kama siku ile bahari ilikuwa bamvua au maji mafu, maana kiwanja cha karibu na mikoko hakina usawa mmoja wa maji. Kama namba ni ndogo chini ya usawa huo, mpelekee mhandisi karatasi aamue: mchanga ukazwe kwa mashine, nguzo zishushwe hadi tabaka gumu, au ujenge sehemu nyingine ya kiwanja iliyoinuka.